Safu ya Sita, Upande wa Dirisha

Miaka ishirini na miwili nimeketi chini ya mimbari,
uso wangu kwao, nyuso zao kwangu,
kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya.
Huku Lewis kanisa letu halina kinanda.
Mwanzishaji huutupa mstari wa zaburi, peke yake,
kusanyiko likauokota,
kila mtu kwa mkono wake.
Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Leo nimemwachia Ruairidh, mwana wa fundi wa matrekta.
Wazee wa kanisa nimewaambia koo linanisumbua.
Koo halina neno.
Kilichokauka kiko chini ya koo,
nami sikuwa na jina la kukipa.

Safu ya sita. Sikujua ubao wake ni baridi hivi,
wala kwamba mtoto wa mtu alichora kwa msumari
kondoo mwenye miguu mitano
kwenye mgongo wa kiti cha mbele.
Sikujua harufu: sufu iliyolowa,
moshi wa mboji uliolala kwenye makoti,
na pipi za mnanaa zinazosafiri kimyakimya
kiganja hadi kiganja, mahubiri yakianza kurefuka.
Kule mbele hakuna aliyewahi kunipa pipi.

Ruairidh anaanzisha.
Juu mno. Juu kuliko dari,
naye anajua, masikio yamemwiva.
Goti langu linapiga hesabu.
Mkono wangu, mkaidi, umekwisha kuinuka
umshushe kijana kwa vidole.
Nauweka chini ya paja. Naukalia.

Kulia kwangu ni Oighrig, mjane wa Torcuil.
Miaka yote hiyo nimemjua
kama sauti inayochelewa.
Sisi tumefika mwisho wa mstari, yeye yuko katikati,
analivuta neno kama ndoo ya kisima kirefu.
Mara ngapi nimemngoja nikiuma meno!
Mara ngapi nimechoka kungoja,
nikautupa mstari unaofuata juu ya pumzi yake.

Leo niko ubavuni mwake
na nasikia kwamba hachelewi.
Anaacha nafasi.
Anaimba, ananyamaza kidogo,
kiasi cha sauti nzito ya mwanamume kupita,
ndipo anaendelea.
Kati yake nami pana upana wa mtu mmoja.
Nilipoingia nilitaka kuweka kofia yangu hapo.
Alinitazama. Nikaipakata.

Halafu kusanyiko lote likaitikia.
Kutoka mbele nilizoea kulisikia
kama fujo niliyopewa kuichunga.
Humu ndani si fujo.
Seonag anaupinda mstari kushoto,
Aonghas wa posta anaushusha bondeni,
kila mmoja na kijia chake,
kama kondoo jioni, na zizi ni moja,
na hakuna anayewaswaga.

Nikafungua mdomo.
Neno la tatu likanitoroka,
mimi niliyezijua zote mia na hamsini kwa moyo.
Oighrig hakugeuka.
Alisogeza kitabu chake
hadi kikawa juu ya ile nafasi,
nusu kwake, nusu kwangu.

Nikaimba.
Sauti yangu sikuisikia.
Niliitafuta kidogo, kwa mazoea,
kama mtu apapasaye mfuko kuona ufunguo upo,
kisha nikaacha kutafuta.
Sijui tuliimba beti ngapi.
Najua nilichelewa, mara mbili au tatu,
na mbingu hazikuanguka.

Nje, mvua ilikuwa ikija kwa ubavu.
Ruairidh alinifuata hadi langoni,
masikio bado mekundu:
"Nilipandisha sana, sivyo?"
Nikamwambia, "Sijui, mwanangu.
Nilikuwa naimba."

Hakuniamini.
Alitaka kuuliza tena,
upepo ukampokonya kofia,
akaikimbiza kati ya makaburi,
nami nikabaki nikimenya karatasi ya pipi
kwa vidole vilivyokufa ganzi.